Kichwa kinamuuma wiki ya tatu na malaria haisikii dawa: mwongozo kamili wa fangasi wa utando wa ubongo, toka kuugundua mpaka kumaliza vidonge

Kijana mmoja aliletwa wodini kwetu na dada yake kwa bajaji, kichwa kinamuuma wiki ya tatu. Kwenye bahasha ya karatasi zake nikakuta katibiwa malaria mara mbili, taifodi mara moja, na juu yake kapewa dawa za kutuliza maumivu za kila rangi, dada anasema kuanzia juzi kaanza kuongea vitu havieleweki, wakawa wanampeleka kwenye maombi ila shemeji yao akasema tupitie hospitali kwanza. Nikamvuta dada pembeni nikamuuliza taratibu, huyu ana kadi ya CTC, ile kliniki ya dawa za VVU? Akaangalia chini, akasema anayo ila dawa aliacha toka mwaka jana.

Hapo ndo nikajua tunatafuta nini. Mimi ni nesi, nimekaa wodi ya wanaume miaka kumi na moja, na huu ugonjwa naandika kwa sababu watu wengi wanafika kwetu wamechelewa, alafu wakifika ndugu wanakataa kipimo cha mgongo, na hicho kipimo ndo nusu ya matibabu yenyewe. Nimeandika kwa ajili ya ndugu anayeuguza na mgonjwa mwenyewe, sio ili ujitibu nyumbani. Hakuna namna ya kuutibu huu nyumbani.

Ni ugonjwa gani hasa

Kwa jina la mtaani ni homa ya uti wa mgongo, lakini homa ya uti wa mgongo inaletwa na vitu vingi, kuna ya bakteria inayomwangusha mtu ndani ya siku moja mbili, kuna ya TB, na kuna hii ya fangasi. Fangasi mwenyewe anaitwa kriptokokasi, yuko jamii ya hamira, hii hii ya maandazi kwa umbo ila tabia tofauti kabisa. Anakaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha ndege hasa njiwa, tunamvuta kwa pumzi bila kujua, anaingia kwenye mapafu na kinga ya mwili inamfungia huko anakaa kimya hata miaka. Kinga ikishuka sana anatoka, anapanda kwenye damu mpaka kwenye utando unaofunika ubongo.

Kwaiyo hauambukizwi kwa mgonjwa. Sio kwa kikombe, sio kwa kitanda, sio kwa kukohoa. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu nimeshaona mke anamlisha mumewe kasimama mbali kama anamlisha simba, kisa jirani kamwambia uti wa mgongo unaambukiza. Ule wa bakteria ndio, baadhi yake unaambukiza, huu hapana.

Na sio ugonjwa wa watu wachache. Makadirio ya mwaka 2020 ni wagonjwa kama 152,000 duniani kati ya wenye VVU na vifo kama 112,000, wengi wao kusini mwa Sahara, yaani karibu kifo kimoja katika kila vitano vya UKIMWI. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya fangasi hatari, huyu alikaa kwenye kundi la juu kabisa.

Hatua ya kwanza: angalia nani ana kichwa hicho

Aliye kwenye hatari kubwa ni mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga kwenye damu, ziko chini ya 100. Anaweza kuwa mtu ambaye hajawahi kupima, au aliyeacha dawa, au anayemeza kila siku ila dawa zimeshindwa virusi. Hili kundi la mwisho watu wanalisahau, wanasema huyu hawezi maana anakunywa ARV, wakati kipimo cha wingi wa virusi mara ya mwisho kapima hakumbuki lini. Wapo pia wachache wasio na VVU kabisa, mtu aliyewekewa figo, anayemeza dawa za steroidi mda mrefu, mwenye saratani, na mara chache hata mtu mzima wa afya tu.

Dalili zenyewe zinakuja polepole na ndo maana zinatudanganya:

- kichwa kinauma siku hadi wiki, kinazidi, panadol inatuliza saa moja mbili kinarudi
- homa, ila saa ingine ndogo tu au haipo
- kutapika, wakati mwingine ghafla bila hata kichefuchefu
- kuona ukungu au kitu kimoja kuona viwili, jicho kwenda upande, mwanga kumuumiza
- masikio kupungua kusikia
- kubadilika tabia, kusahau, kuchanganya majina ya watoto, kulala sana, kuropoka
- degedege, na mwishoni kupoteza fahamu

Shingo kukaza ambayo kila mtu anaijua, kwa huyu fangasi mara nyingi haipo. Usiseme shingo inageuka vizuri kwaiyo sio uti wa mgongo. Na hiyo ya kubadilika tabia ndo inawapeleka watu kwenye maombi na kwa waganga, mimi sibezi dua ya mtu, mwombeeni, ila mwombeeni akiwa kwenye kitanda cha hospitali.

Kanuni yangu ni hii na naomba uishike: mwenye VVU, au asiyejua hali yake, kichwa kikiuma zaidi ya siku chache bila kuachia, msihangaike na duka la dawa. Nendeni kituo na mseme wazi mapokezi hali yake ya VVU. Ukificha hiyo habari moja daktari ataanzia malaria, na wiki itapita.

Hatua ya pili: ulizia kipimo cha CrAg, kitaje kwa jina

Hiki ni kipimo kinachotafuta ganda la yule fangasi kwenye damu au kwenye maji ya mgongo. Ni kijiti kama cha mimba tu, kinachovya kwenye sampuli, dakika 10 jibu limetoka, mstari mmoja hakuna, miwili yupo. Kinakamata karibu wote, na uzuri wake zaidi kwenye damu kinaweza kuwa chanya wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Ndo maana hata mtu asiyeumwa chochote anatakiwa kupimwa, akianza ARV au akirudi baada ya kuziacha na CD4 zake ziko chini ya 100, na miongozo inaruhusu kupanda hadi 200. Hii sio nadharia ya kutoka ng'ambo. Kuna utafiti ulifanyika Dar es Salaam na Lusaka ukatolewa mwaka 2015, watu karibu elfu mbili wanaoanza ARV wakiwa na CD4 chini ya 200, nusu wakapimwa CrAg na kutembelewa nyumbani mara chache wiki za mwanzo, na kwenye kundi hilo vifo vilipungua kwa asilimia 28. Kijiti na mtu wa kubisha hodi, basi.

Akiwa chanya ila hana dalili yoyote bado anashauriwa kutolewa maji ya mgongo kuangalia kama ameshafika kichwani. Akikutwa safi anapewa vidonge vya fangasi vinavyoitwa flukonazoli, miligramu 800 mpaka 1200 kwa siku wiki mbili, 400 mpaka 800 wiki nane, kisha 200 kila siku anaendelea nayo. Akiwa chanya na ana kichwa, huyo ni mgonjwa wa kulazwa leo, sio wa kupangiwa tarehe.

Hatua ya tatu: maji ya mgongo, na hapa naomba tukae kidogo

Kila wiki nasikia. Alitolewa maji akafa. Alitolewa maji akapooza. Yule dada wa yule kijana na yeye aliniambia nesi mgongo hapana, baba mdogo wetu alichomwa mgongo hakufika asubuhi. Nikakaa nae kwenye benchi.

Baba mdogo hakuuliwa na sindano. Watu wanakubali sindano siku ya mwisho mgonjwa ashapoteza fahamu, anachomwa saa nane anafariki usiku, na sindano inabeba lawama ya ugonjwa uliokaa kichwani mwezi mzima.

Sasa sikia inavofanyika. Mgonjwa analazwa kwa ubavu, anajikunja magoti yafike tumboni kidevu kifuani, anasafishwa, anachomwa ganzi, alafu sindano nyembamba inapita katikati ya mifupa ya kiuno chini. Uti wenyewe, ile kamba ya mishipa ya fahamu, kwa mtu mzima unaishia juu zaidi ya hapo, usawa wa juu ya kiuno. Huku chini kuna maji na nyuzi za mishipa zinazoelea, sindano ikiingia zinasogea pembeni. Anaweza kuhisi shoti mguuni sekunde moja, akaumwa mgongo siku mbili. Kupooza sio kitu cha kawaida kabisa.

Na maji hayaishi. Mwili wa mtu mzima una maji hayo kama mililita 150 na unatengeneza kama mililita 500 kila siku, kwaiyo ukimtoa 20, yaani vijiko vinne vya chai, baada ya saa moja hivi yamerudi.

Kwanini yatolewe sasa. Yule fangasi ana ganda la utelezi kama ute wa bamia, anaziba zile njia ambazo maji ya ubongo yanatokea kurudi kwenye damu. Maji yanaendelea kutengenezwa, mlango umezibwa, kichwa ni mfupa hakitanuki. Ni kama sinki limeziba na bomba liko wazi. Presha ya ndani inapanda, inakandamiza mishipa ya macho na masikio, mtu anapofuka, anakuwa kiziwi, anazimia, na wengi wanaokufa wiki mbili za mwanzo presha hii ina mkono wake. Dawa ya fangasi inachukua siku kufanya kazi, sindano inashusha presha hapo hapo. Nimeona mtu analia kwa kichwa, maji yakatoka, kabla hatujamfunga plasta anasema dada nesi kimeachia.

Kwaiyo sindano ikifanyika hakikisha mambo mawili. Moja presha ipimwe, kuna mrija maalum wa kupimia, na kama hamna wataalam hutumia mrija wa dripu wakausimamisha na futi ya kupimia. Kawaida ni chini ya sentimita 20, ikizidi 25 iko juu na wanatoa maji mpaka ishuke, kwa mara moja wanaweza kutoa hadi mililita 20 au 30. Mbili, kichwa kikirudi sindano irudiwe, hata kila siku, mpaka presha itulie. Wapo wanaochomwa mara moja tu ya kipimo alafu wanasahaulika na kichwa chao. Wewe ndugu ndo wa kusema, daktari kichwa kimerudi tunaomba mtoe maji tena. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha waliotolewa maji angalau mara moja zaidi mwanzoni walinusurika wengi kuliko ambao hawakutolewa, hata ambao presha yao ya mwanzo haikuwa juu.

Wapo ambao sindano inasubiri kidogo, mwenye udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mwenye degedege linalojirudia, mwenye tatizo la damu kutoganda au kidonda pale pale pa kuchomwa. Hao daktari ataamua kama waanze na CT skani. Ila CT safi haimaanishi huna huu ugonjwa, tafadhali, nimeona mtu kakopa hela ya skani akaambiwa ubongo uko vizuri akarudi nyumbani.

Maji yakifika maabara wanapima CrAg, wanatia tone la wino mweusi na kuangalia kwenye hadubini, fangasi anaonekana kama kiduara chenye mwanga pembeni. Wino unaweza kumkosa wakiwa wachache. Na TB itafutwe kwenye maji hayo hayo maana zinafanana mno, na mtu anaweza kuwa nazo zote mbili.

Hatua ya nne: dawa za wiki mbili za mwanzo

Zamani ilikuwa siku 14 za dripu kila siku, mishipa inavimba, mtu anatetemeka, figo zinachoka. Mambo yamebadilika sana. Utafiti wa 2018 uliofanyika Tanzania, Malawi, Zambia na Kameruni ulionyesha wiki moja ya amfoterisini, dawa ya fangasi ya dripu, pamoja na flusitosini, dawa ya fangasi ya vidonge, inatosha na inaokoa zaidi. Alafu 2022 ukatoka mwingine wa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, zaidi ya wagonjwa 800, ukaonyesha dripu moja tu kubwa ya amfoterisini ya liposomu, ile iliyofungwa kwenye matone madogo ya mafuta, ikisaidiwa na vidonge inafanya kazi sawa na ile ya wiki nzima na madhara ni machache. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipitisha iwe chaguo la kwanza. Yote hii imepimwa kwa wagonjwa wa Afrika, kwenye wodi kama zetu.

Inakaa hivi kwa mtu mzima:

Siku ya 1 amfoterisini ya liposomu miligramu 10 kwa kila kilo, mara moja basi. Mtu wa kilo 50 ni miligramu 500, vichupa 10 vya 50, kwaiyo usishtuke kuona nesi anachanganya vichupa vingi hivo.

Flusitosini miligramu 100 kwa kilo kwa siku, imegawanywa mara nne, siku 14. Kwa huyo wa kilo 50 ni vidonge 10 vya 500 kwa siku. Saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Ile ya saa sita usiku ndo inayorukwa, weka alamu kwenye simu.

Flukonazoli miligramu 1200 mara moja kwa siku, siku 14. Ni vidonge sita vya 200.

Kama ya liposomu haipo, kuna ile ya zamani ya miligramu 1 kwa kilo kila siku siku 7 pamoja na flusitosini, kisha flukonazoli 1200 mpaka siku ya 14. Amfoterisini ikikosekana kabisa, flusitosini na flukonazoli kwa pamoja wiki mbili. Kitu ambacho hakifai ni kuanzishiwa flukonazoli peke yake ukarudishwa nyumbani, hiyo inamlaza tu fangasi haimwui kwa kasi inayotakiwa. Ukiona hivo omba rufaa.

Kabla ya dripu ya amfoterisini anapewa lita moja ya maji ya chumvi yenye potasiamu kulinda figo. Dawa yenyewe inachanganywa kwenye maji ya sukari ya asilimia 5, na mrija usafishwe kwanza maana ikikutana na maji ya chumvi inaharibika. Damu ipimwe mwanzo na irudiwe ndani ya wiki hizo: figo, potasiamu, wingi wa damu, na chembe nyeupe kwa sababu ya flusitosini. Potasiamu ikishuka misuli inalegea na moyo unaweza kuyumba, kwaiyo vile vidonge vikubwa vya potasiamu asivitemee chini ya mto. Ndizi na dafu ni vizuri ila havichukui nafasi ya vidonge, na figo zikiwa zimechoka uliza kwanza, maana hapo potasiamu inaweza kupanda badala ya kushuka.

Steroidi, deksamethasoni, hazitolewi kama kawaida kwa huyu fangasi. Zilijaribiwa zikadhuru. Mwenye mimba aseme mapema, flukonazoli ya dozi kubwa ina madhara kwa mtoto hasa miezi mitatu ya mwanzo, na anayemeza dawa za TB pia aseme maana rifampisini inapunguza nguvu ya flukonazoli.

Kazi yako ndugu wodini: daftari la dozi, kuhesabu mkojo, kumgeuza kila saa mbili kama hajigeuzi. Asiyemeza aombewe mpira wa puani, vidonge visagwe vipite hapo. Asipewe uji kwa nguvu akiwa nusu usingizi, unaingia mapafuni.

Hatua ya tano: usikimbilie ARV

Hii inawashangaza wengi. Mtu kakutwa na VVU leo, mbona hamumwanzishii dawa? Kwa ugonjwa huu tunasubiri wiki 4 mpaka 6 toka aanze dawa za fangasi. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini wa 2014 uliwaanzishia baadhi mapema, ndani ya wiki mbili hivi, na ndani ya miezi sita walikufa asilimia 45, waliosubiri wakafa asilimia 30. Kinga ikirudi ghafla inashambulia mabaki ya fangasi ubongoni na uvimbe unaleta balaa. Aliyekuwa tayari anameza ARV asiache kwa akili yake, daktari wa CTC ndo atapanga.

Hatua ya sita: miezi ya nyumbani

Baada ya wiki mbili, flukonazoli 800 kila siku kwa wiki nane. Baada ya hapo 200 kila siku, na hii ni ndefu, angalau mwaka mmoja, inaachwa pale tu ARV zimeshika, CD4 zimepanda na virusi havionekani, na anayeiachisha ni daktari. Usipime tena CrAg ya damu kuangalia kama umepona, inaweza kubaki chanya miezi mingi hata fangasi akiwa ameshakufa, utajipa presha bure. Macho na masikio vinaweza kuchukua mda kurudi, wengine havirudi vyote.

Yule kijana alichomwa mgongo mara nne. Mara ya pili dada yake mwenyewe ndo alikuja kuniita, akasema kichwa kimerudi. Sikio la kushoto halikurudi vizuri ila alitoka anatembea, na tulimwandikia mbele ya daftari lake la CTC kwa kalamu nyekundu: ametibiwa fangasi wa ubongo. Na wewe fanya hivo. Kichwa kikirudi, hata miezi mitano baadaye, hata usiku, inaweza kuwa ameruka dawa au ni kinga inayoamka, mrudishe siku hiyo hiyo na mwonyeshe wa mapokezi hayo maandishi kabla hajaanza kuandika malaria.